Siku Mpira Ulipohamia Uani kwa Bi Maftaha

Kilwa Masoko ina watu wa aina mbili: waliorekodiwa na Zakia binti Likwata, na wanaume. Wa kwanza wanajua nani alicheza nini kwenye singo ya nani, nani alimpokonya nani kipaza sauti, na ni bibi yupi aliyeapa kuwa goti linamsumbua, halafu ngoma ilipokolea akakata kiuno mpaka taa zikatikisika. Wa pili hawajui kitu, na ndivyo inavyotakiwa. Singo ni shughuli ya kina mama peke yao. Bibi harusi anasuguliwa liwa na manukato, mashungi yanatundikwa msumarini, na yanayofuata hapo hayamhusu mtu mwenye ndevu.

Zakia alizaliwa Miteja, kwenye nyumba ya ufuta na mihogo, kwa baba aliyeamini kuwa binti asiyependa jembe amerogwa. Wakampeleka kwa mganga. Mganga akapiga ramli, akasema mtoto ana jini la mjini, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake mganga yule akawa amepatia. Zakia akapakiwa kwenye basi kwenda Masoko kwa shangazi yake, na huko akapata kazi ya kumshikia taa mpiga picha mmoja wa harusi, bwana mwenye kizibao cha mifuko mingi na heshima kubwa kwa kila mfuko.

Siku moja bwana huyo alifika mlango wa uani akakuta kungwi amesimama na mwiko.

"Wewe na ndevu zako hizo unaelekea wapi?"

"Mama, nimelipwa kurekodi harusi nzima."

"Basi ukalale mzima. Humu huingii."

Bwana akageuka huku na huku, akamwona mshika taa wake. Akampa kamera, akamwonyesha kitufe chekundu, akamwambia abonyeze hicho tu, asiguse kingine. Zakia akaingia ndani akagusa vingine vyote. Alipotoka alikuwa na mkanda ambao nusu yake ni dari na nusu yake ni maajabu, na mpiga picha akanyimwa hata kuutazama. Tangu siku hiyo taa ikashikwa na mtu mwingine.

Aliolewa mara moja, na mwanamume mzuri kwa kila kitu isipokuwa udadisi. Bwana alitaka kujua mikanda ile ina nini. Aliuliza kwa upole, akauliza kwa ukali, akanunua mpaka kitenge cha kuulizia. Mwisho akasema: "Chagua, mimi au hiyo kamera." Swali hili wanaume huwa wanaliuliza bila kufanya utafiti. Zakia alimfungia nguo zake vizuri, zikiwa zimepigwa pasi, na kamera ikabaki.

Habari hiyo ilimtangaza kuliko bango. Watu wa Pande wakaanza kumwita, wa Miteja kwao wakaanza kumwita, mpaka Lindi mjini, ambako watu hudhani kuwa kila kizuri kinatoka kwao. Hawamwiti kwa uzuri wa picha. Wanamwita kwa neno moja analolitoa kabla hajawasha kamera: "Jicho la kiume halitaona." Akishalitoa, mama mwenye shughuli anavua ushungi na dunia inaanza. Siku neno hilo litakapovunjika, hata kwa jicho moja, hata kwa chongo, Zakia anajua atarudi Miteja kupalilia ufuta, na baba yake atamcheka mpaka mavuno.

Na siku ya kumaliza fungate ya Warda, neno hilo lilining'inia kwenye uzi.

Warda ni binti wa Bi Maftaha. Bi Maftaha ni mwenyekiti wa kikundi cha ngoma cha kina mama, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, na mwenyekiti wa karibu kila kitu chenye viti. Binti yake alipokuwa anaolewa, alitoa amri: singo irekodiwe, na filamu ionyeshwe uani siku bibi harusi anapotoka chumbani baada ya juma la fungate, mbele ya kina mama wote, kwenye shuka jeupe, kubwa, ili kila aliyecheza ajione na kila asiyealikwa asimuliwe.

Shida ilikuwa mashine. Laptopu ya Zakia ni nzuri kwa kuandika barua. Ukiiwekea video inaanza kuhema kama mzee aliyepandishwa kilima. Kompyuta yenye mabavu hapo jirani ilikuwa moja tu, nayo jina lake Jitu, na mwenye Jitu ni Iddi.

Iddi ni mtoto wa mjomba wake Zakia, na kwa hiyo ni mtani wake. Mtu asiyejua utani wa mabinamu angewaona wawili hawa wakisalimiana angekimbilia polisi. Anamwita mke wangu wa bure. Naye anamwita jogoo asiyewika. Mtani ana haki ya kukushika kitu chako chochote, na kilichoshikwa na mtani hakiibwi wala hakidaiwi: kinakombolewa, kwa masharti ya aliyeshika. Wakubwa wanakaa pembeni wanacheka.

Riziki ya Iddi ni kibandaumiza. Kibarazani ameweka kompyuta ya zamani iliyounganishwa na skrini kubwa, mabenchi yamepangwa, wanaume wanakuja kutazama mpira na kupiga kelele zilizowashinda majumbani. Jitu lenyewe linakaa chumba cha ndani, pale watu wanapoingia kuchaji simu. Na kibandaumiza kimepakana na ua wa Bi Maftaha. Katikati pana ukuta wa makuti na banda la kuku.

Zakia alikuwa na dawa ya tatizo hilo. Aliipata Lindi, kwa Sixbert, jamaa aliyesoma chuo kikuu mpaka chuo kikachoka naye. Ni kiprogramu kidogo tu. Ukifungua kazi zako kupitia hicho, unaweza kulichukua dirisha la kazi iliyo katikati ya kukimbia ukalihamishia kwenye kompyuta nyingine, bila kuizima na bila kuianza upya. Kazi inabaki inafanyika kule kwenye mashine yenye nguvu. Sura yake na sauti yake zinakuja kwako. Ni sawa na mtu kuacha sufuria lichemke jikoni kwa jirani, halafu akaketi kwake anakoroga. Ukichoka unalirudisha. Ukitaka unamrushia mwingine. Na dirisha lolote, mwenye mashine asipolipiga kufuli, yeyote aliye kwenye waya uleule anaweza kulivuta.

Basi wakavuta waya kutoka kwa Iddi, ukapita juu ya banda la kuku, ukaingia stoo kwa Bi Maftaha. Juma zima Zakia alihariri filamu humo, katikati ya magunia ya korosho, na dirisha likiwa kwake, kioo cha Jitu kule ng'ambo kikiwa kitupu. Bi Maftaha hakukubali upesi. Alitaka kujua inawezekanaje filamu iwe kwa mwanamume na mwanamume asiione.

"Kwake ni mabavu tu, mama. Sura iko huku."

Bi Maftaha akafikiri. "Kama punda, basi. Anambeba bibi harusi na hajui ana mwanya."

"Hasa, mama."

Iddi naye alikipenda kile kiprogramu kwa wazimu. Alikuwa analifungua dirisha la mpira kwenye Jitu, halafu analitupa kibarazani kwa kidole kimoja, huku anawaambia wateja: "Tazameni, linaruka hilo!" Wateja, ambao wamelipia kutazama mpira, wakawa wanatazama dirisha likiruka, wakapiga makofi.

Kulikuwa na jambo la mwisho, nalo ni la aibu kidogo. Programu ya kuhariri aliyokuwa nayo Iddi ilikuwa ya majaribio, na majaribio yalikwisha Jumanne. Ila kwa kuwa ilikuwa tayari imefunguliwa, haikuwa na habari kuwa imekufa. Ikaendelea kufanya kazi kama mjumbe aliyetolewa kwenye kamati ya harusi na hakuna aliyethubutu kumwambia. Ukiifunga tu, hata kwa kupepesa jicho, ingetaka namba ya leseni ambayo Iddi hana na ukoo wake wote hauna. Filamu ingebaki humo vipandevipande. Kwa hiyo ilikuwa marufuku kulizima Jitu, marufuku kuligusa, marufuku kulipigia chafya.

Alasiri ya siku yenyewe ua ulijaa. Kina mama walikuja na watoto wa mgongoni, na mikeka, na mafungu ya udaku ya safari. Turubai zito likafungwa juu kuleta kiza, shuka jeupe likatandazwa ukutani, projekta ikaunganishwa na laptopu ikawashwa. Waliopata nafasi ya mbele walikuwa wale waliokuwa na hakika wamecheza vizuri. Bibi Rehani, bibi yake Warda, akawekwa kwenye kiti chenye mto, na hakuwa na wasiwasi wowote, kwa sababu haoni mbali na hilo halijawahi kumzuia kutoa maoni.

Ng'ambo ya makuti nako kumejaa. Ilikuwa siku ya mechi ya watani wa jadi, ile ambayo nchi nzima hupasuka mafungu mawili na mabwana wazima wenye vitambi huacha kusalimiana.

Bi Maftaha aliketi langoni, kwenye kiti chake, ili asipite mtu bila kuonekana. Akamwita Zakia.

"Ile sehemu ya wifi yangu umeipunguza?"

"Nimeipunguza, mama."

"Ipunguze tena. Mama wa bibi harusi ni mimi. Kwenye filamu anaonekana kama yeye ndiye aliyezaa."

Zakia akapiga magoti mbele ya laptopu, akamkata wifi kiuno katikati ya pigo la ngoma, akashona pale palipokatwa. Safi. Akanyoosha kidole kuanza kuonyesha, na dirisha likatoweka. Shuka likabaki jeupe kama sanda.

Simu ikalia.

"Mke wangu wa bure, habari ya kutwa?"

"Iddi, dirisha langu liko wapi?"

"Liko kwa mumeo. Nimelivuta, nimelipiga na kufuli. Nimelishika."

Neno hilo lilimshuka Zakia mpaka kwenye visigino. "Iddi, leo siyo siku ya utani."

"Utani unaweka miadi? Kwenye arobaini ya babu ulishika viatu vyangu, nikaenda makaburini pekupeku juani, narukaruka kama kunguru. Nilikuomba, sikukuomba? Ukanijibu komboa. Leo na wewe komboa. Njoo hapa kibarazani mbele ya waungwana hawa, piga magoti, useme: 'Iddi ndiye fundi, mimi ni mshika taa tu.' Hapohapo nakuachia."

"Limekaa wazi kwenye kioo chako?"

"Liko wazi, lakini mimi niligeuza uso kabla halijatua. Nimefunika kioo kwa kanga ya mama. Wallahi binamu, sijaona hata ukucha."

"Na feni lako?"

"Linazunguka."

"Na wanaochaji simu?"

"Nitawaambia wasitazame."

Zakia alifumba macho. Alimjua Iddi: mpumbavu, lakini si mwongo. Kama anasema hajaona, hajaona. Ila nani mwingine atamwamini? Kioo kiko chumbani kwa mwanamume, wanaume wanaingia na kutoka, na kati ya mashungi yaliyotundikwa msumarini na macho ya mji mzima pamebaki kipande cha kanga na rehema ya feni. Kupiga magoti si kitu. Goti ni goti. Lakini kutoka uani mpaka kibandani pana lango moja, na langoni amekaa Bi Maftaha, na Bi Maftaha atauliza.

"Zakia! Mbona shuka tupu?"

"Mtambo unapasha, mama."

"Unapasha nini, maandazi?"

Kina mama wakacheka. Zakia akainamia laptopu. Kile kiprogramu kilikuwa kinaonyesha madirisha yote yaliyo hai kwenye waya, na yalikuwa mawili. La kwanza la filamu, lina kufuli. La pili Iddi mwenyewe alikuwa ameliandika jina: MPIRA. Akalitazama pembeni, pale panapokaa alama ya kufuli.

Hapakuwa na kufuli.

Ng'ambo kelele zikapanda ghafla. Mabenchi yakakwaruza sakafu. Sauti ya Eusebio, dereva wa bodaboda, Mmakonde mwenye koo kama honi ya lori, ikapaa juu ya zote: "Penalti! Penalti hiyo, hata kipofu kaiona!"

Zakia akatabasamu, tabasamu lile alilotoka nalo uani siku ya kwanza na kamera. Kisha akalivuta.

Kwenye shuka la Bi Maftaha, mahali pa bibi harusi na liwa yake, wakatokeza wanaume ishirini na zaidi, wamevaa kaptula.

"Astaghfirullah!" Ua mzima ukainuka. Mashungi yakavutwa, watoto wakazibwa macho. Mama mmoja alijifunika mkeka. "Hao kina nani? Nani kawaalika?"

"Wamevaa nusu!"

"Yule mwenye filimbi ananiangalia mimi!"

"Tulieni," akasema Bibi Rehani, aliyekuwa ametoa shingo kama kobe. "Hawatuoni hao. Sisi ndio tunawaona." Akafikiri kidogo. "Kaeni, kaeni, mnanizibia."

Ng'ambo ya makuti kulikuwa kimya. Kimya cha wanaume hamsini mbele ya skrini nyeusi, wakati wa penalti, kwenye mechi ya watani, ni kimya ambacho hata kuku wa Bi Maftaha walikiogopa. Halafu kikapasuka, na katikati ya matusi ambayo hayaandikiki mtu akasikika akimlilia mama yake.

Bi Maftaha aliinuka langoni. Ilimchukua hatua chache kufika kwenye laptopu, na kila hatua Zakia aliisikia kwenye meno.

"Binti Likwata. Singo ya mwanangu iko wapi?"

Hapo palikuwa na njia mbili, na ya uongo ilikuwa pana na imewekwa lami. Zakia akachukua ile nyingine. "Iddi ameishika, mama. Kwa utani. Iko kwenye kioo chake, na nami nimeshika mpira wake."

"Ameiona?"

"Anasema ameifunika kanga."

"Ya nani?"

"Ya mama yake."

Bi Maftaha aligeuka akalitazama shuka. Kipa alikuwa anarukaruka kwenye mstari, anapiga makofi ya glovu. Mpigaji anaubusu mpira.

"Nami nilishika ng'ombe wa mtani wangu, siku ya harusi yangu," akasema taratibu. "Hakuona mkia mpaka alipolia." Akavuta kigoda, akaketi. "Usirudishe huo mpira. Huyo mwenye mikono mikubwa naye anangoja nini?"

"Anataka kuuzuia, mama."

"Peke yake? Na wenzake wote wamesimama wanamtazama? Hawana utu!"

Zakia akapokea simu iliyokuwa inalia kama mtoto mwenye njaa.

"Binamu! Binamu, rudisha! Wananiua! Eusebio ameshanishika kola!"

"Komboa."

"Nimekuachia! Nimekufungulia kufuli, lichukue lako, lichukue!"

Zakia akatazama. Kweli, kufuli limeondoka. Akalivuta dirisha la singo haraka, akaliweka kwenye laptopu yake, nyuma ya mpira, na pumzi ikamrudia. Kule ng'ambo kioo cha Jitu kilikuwa kitupu tena. Lakini neno lilikuwa bado linaning'inia.

"Ahsante, jogoo wangu. Hiyo ni kurudisha mali ya watu. Bado hujakomboa."

"Unataka nini tena?"

"Kreti ya soda kwa kina mama, uibebe kichwani mwenyewe. Na ile kanga uliyofunikia, uivae. Upite kibarazani mbele ya waungwana, uje mpaka lango la Bi Maftaha."

"Zakia, mimi ni mtu mzima!"

"Ndiyo, uifunge kiunoni kiutu uzima. Nakuona hufiki, mpigaji anaanza kurudi nyuma."

Na kweli alianza. Mpigaji akakimbia, akapiga, kipa akaruka upande wake, mpira ukamgonga kifuani ukatoka. Kina mama, ambao wote kwa pamoja walikuwa wamemwonea huruma yule asiyesaidiwa na wenzake, wakaachia vigelegele vilivyovuka makuti na kutua kibarazani.

Wanaume wakasikia vigelegele. Lakini vigelegele havina rangi ya jezi.

"Imeingia! Wanashangilia, imeingia!"

"Imeingia wapi? Hao wanashangilia ya kwetu!"

"Shemeji zangu!" Eusebio akapaza sauti juu ya banda la kuku. "Shemeji zangu, kwa hisani yenu, goli au siyo goli?"

"Kaidaka kwa titi!" Bibi Rehani akajibu, na maelezo hayo yalizua ng'ambo mjadala uliokaribia kutoa damu.

Iddi akaja. Alipita katikati ya mabenchi na kanga ya mama yake, nyekundu, imeandikwa *Ya ndani tuachie wenyewe*, kreti imemkalia kichwani inagongagonga, na wateja wake, kwa kukosa cha kutazama, wakamtazama yeye. Waliwasha tochi za simu mchana kweupe. Alipofika langoni aligeuka akaingia kinyumenyume, ili macho yake yabaki barabarani, akasimama hapo akiuonyesha ua mgongo. Kina mama walicheka mpaka mmoja akatoa nepi ya mtoto kufutia machozi.

Bi Maftaha hakucheka. Alisimama nyuma yake, karibu, maana hili halikuwa la utani tena.

"Iddi mwanangu."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Yule bibi aliyeanguka akavunja meza, kwenye ile filamu, nani awaambie wanawe?"

Zakia akauona mtego. Hakukuwa na bibi aliyeanguka. Hakukuwa hata na meza. Na mtu aliyeona, hata kidogo tu, angejua.

Iddi alishtuka mpaka soda zikalia. "Kuna bibi ameanguka? La haula! Kaumia? Mama, ni Bibi Rehani? Mbona hamkuniita? Eusebio ana bodaboda hapo, tumpeleke hospitali!" Na kwa kihoro akasahau aibu, akataka kugeuka, akakumbuka, akarudisha uso barabarani, miguu inamcheza papo hapo. "Mwambieni mtu aniambie, kaumia wapi?"

Bi Maftaha akashusha pumzi ambayo Zakia alikuwa ameizuia kifuani mwake. "Hajaumia mtu. Weka soda chini." Kisha akawageukia kina mama. "Hajaona."

"Hajaona!" Ua ukaitikia.

"Neno la Zakia limesimama."

"Limesimama!"

Halafu ndipo Bi Maftaha alipocheka, na alipocheka alishika mbavu, na ushungi ukaanguka wenyewe. Akamwamuru Zakia kumrudishia maskini mpira wake. Zakia akalirusha dirisha kibarazani, nalo likatua pale filimbi ya mwisho inapulizwa, wachezaji wanapeana mikono na kubadilishana jezi, na mtangazaji anaaga kwa kusema hajawahi kuona dakika za mwisho kama hizo.

Kishindo kilichotoka ng'ambo hakihitaji kuelezwa.

Uani filamu ikaanza. Warda akaletwa, kavaa, kanukia, akawekwa katikati. Kwenye shuka liwa ikang'aa mabegani mwake. Bi Maftaha akacheza kama mtu anayetozwa kodi asipocheza, wifi akatokea kidogo na kutoweka upesi, na kila mama alijiona, akajipigia kelele mwenyewe. Jitu lilibeba kila kitu kule kwake, halioni, halijui, kwa programu iliyokufa tangu Jumanne na bado haijaambiwa. Kina mama wawili kutoka Pande, waliokuja kutazama tu, walimsogelea Zakia kabla hata ngoma ya pili haijaisha.

"Harusi ya mwanangu ni baada ya Ramadhani. Utakuja?"

"Nitakuja, mama."

"Na lile neno?"

"Jicho la kiume halitaona."

"Na mpira?" akauliza yule wa pili, kwa sauti ya chini. "Mpira unaweza kutuletea? Mwenye mikono nimempenda."

Zakia hakuwahi kujibu. Juu ya banda la kuku, katikati ya makuti, palikuwa pametokeza sauti, si ya honi tena, ni ya mnyonge anayeomba maji.

"Jamani shemeji zangu," alisema Eusebio, "huku tumegombana, hatuelewani. Nyinyi mlioona. Nani kashinda?"

Ua mzima, kuanzia Bibi Rehani kwenye mto wake mpaka mtoto wa mgongoni, ukajibu kwa pumzi moja:

"Bibi harusi!"